Nairobi Ilitaka Mikono, Haikutaka Wenye Mikono

Kila wiki kuna mkubwa fulani anasimama kwa jukwaa na kutuambia vijana wa Nairobi tuache kungoja kazi, tujiajiri. Sina shida na kujiajiri. Shida yangu ni vile hiyo hadithi inasimuliwa kama wazo jipya, ati jiji lilikuwa na kazi za kutosha watu wote, halafu kizazi chetu kikaja kikazubaa. Historia haisemi hivyo hata kidogo. Tangu siku ya kwanza Nairobi ilitaka mikono ya watu ifanye kazi, lakini haikutaka hao watu wakae. Ukishika hiyo, utaelewa kwa nini viwanda viko vilipo, kwa nini Kamukunji kuna kelele, na kwa nini M-Pesa ilishika moto hapa kwetu.

Turudi 1899. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na mwisho wa Mei 1899 ikafika mahali Wamaasai walikuwa wakiita Enkare Nairobi, maji baridi. Hakukuwa na bandari hapa. Hakukuwa na mgodi. Kulikuwa na uwanda tambarare, maji, na mbele yake mlima mrefu wa kupanda kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Wahandisi walitaka mahali pa kuweka vyuma, karakana na injini kabla ya huo mlima. Basi. Hili jiji tunalojigamba nalo lilianza kama stoo na gereji ya treni. Serikali ya kikoloni ilihamia hapa kutoka Mombasa mwaka wa 1905, na ofisi zikafuata, maduka ya Wahindi, hoteli za walowezi. Mwaka wa 1922 ndugu wawili wa ukoo wa Hurst wakafungua kiwanda cha bia Ruaraka. Mmoja wao akauawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndiyo maana Tusker ina kichwa cha ndovu hadi leo.

Sasa angalia ramani. Sehemu za juu, zenye hewa safi na udongo mwekundu, zilipewa Wazungu: Muthaiga huko, Kileleshwa huku. Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Viwanda vikawekwa kusini ya reli, Industrial Area, na vipande vya reli vikaingizwa mpaka kwenye maghala. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kariokor jina lake limetoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yaani ukipanda mat ya Eastlands asubuhi ukielekea tao, unapita kwa barabara iliyopangwa hivyo makusudi: kazi upande mmoja, mahali pa kulala upande mwingine, na mahali pa kuishi kabisa hakuna.

Na kulala nimesema makusudi. Nyumba nyingi za Waafrika zilijengwa kama vyumba vya wanaume wasio na familia. Mtu alihesabiwa kama kitanda. Alikuwa na kipande, kile cheti cha karatasi ndani ya kikebe cha chuma cha kuning'iniza shingoni, kilichoonyesha ni nani kamwajiri. Mshahara wenyewe ulihesabiwa kwa mtu mmoja. Hoja ilikuwa rahisi: mke na watoto wako shamba, wanalima, wanajilisha. Kwa hiyo mwenye kiwanda hakuwa na haja ya kulipa chakula chao. Ukiuliza mtaji wa viwanda vya mwanzo vya Nairobi ulitoka wapi, sehemu moja ni hiyo. Ulitoka kwa jembe la mama mmoja Murang'a au Siaya ambaye hakuwahi kuona hicho kiwanda.

Watu hawakunyamaza. Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, na vyama vya wafanyakazi vikaambia watu wasusie sherehe. Waliuliza, jiji la nani? Viongozi walikuwa Fred Kubai na Makhan Singh. Huyu Makhan Singh ndiye mtu ningependa afundishwe shuleni zaidi: Singasinga aliyekuwa akichapisha karatasi za wafanyakazi na kusema waziwazi kwamba Mhindi na Mwafrika wako kwa mgomo mmoja. Katikati ya Mei wote wawili wakakamatwa. Wafanyakazi wakagoma siku tisa, jiji likasimama, na moja ya madai yao ilikuwa mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilituma jeshi. Makhan Singh alizuiliwa bila kuachiliwa hadi 1961.

Kisha kuna 1954, mwaka ambao nikiusoma nashindwa kucheka au kukasirika. Aprili mwaka huo, kwenye Operesheni Anvil, jeshi liliziba jiji na kuondoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mwaka huo huo kamati ya serikali yenyewe, kamati ya Carpenter, ikatoa ripoti kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini kwenye kampuni za kibinafsi walikuwa wakilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya lazima ya mtu. Na mwaka huo huo soko la hisa la Nairobi likaanzishwa, na Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa. Yote mwaka mmoja, mji mmoja. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958 na ambao leo maua ya Naivasha yanapandia ndege kwenda Ulaya, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau.

Uhuru ulipokuja, watu walifanya kitu walichokuwa wamekatazwa: walikuja na familia zao. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Viwanda vilikuwepo, vya sabuni, rangi, unga, dawa, plastiki, na vikaongezeka. Lakini havikuongezeka hivyo. Hakuna kiwanda kingeweza kukimbia kwa hiyo kasi.

Hapa ndipo Kamukunji inaingia, na hapa ndipo mimi nasema historia ya viwanda vya Nairobi inaanza kuwa yetu. Lile sanduku la bati ulilobeba kwenda bording, lenye kufuli na jina lako kwa rangi nyeupe, lilifuliwa pale kando ya Landhies Road. Karai la mandazi, wilbaro, sufuria ya harusi, jiko la makaa, vyote vinatoka kwa mapipa ya mafuta yaliyokwisha na mabati ya mabaki, yaliyopigwa nyundo siku nzima chini ya jua. Ndiyo maana tunasema jua kali. Wale mafundi hawakusomea mahali. Kijana anakaa na mzee, anashika koleo, anapokea matusi mwaka mmoja au miwili, halafu anapewa nyundo yake. Jiko lenye udongo ndani, lile linalokula makaa kidogo, lilipoletwa miaka ya 1980, lilichukua wazo kutoka kwa majiko ya Thailand, lakini walioligeuza likawa kitu cha kuuzwa kila soko ni mafundi wa huku Shauri Moyo. Nchi nyingine za Afrika zikaiga. Hicho ni kiwanda. Hakina geti tu.

Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa kazi, na wakatoka na ripoti iliyojulikana dunia nzima. Walisema hawa watu wa barabarani sio tatizo. Wanazalisha, wanafundisha, wanauza kwa bei ambayo mlalahoi anaweza, na kinachowarudisha nyuma ni serikali ya jiji kuwabomolea na kuwasumbua na leseni. 1972, wasee! Hiyo ripoti ina zaidi ya miaka hamsini, na kanjo bado anamwaga nyanya za mama kwa mtaro. Mwaka wa 1973 Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni ya mabasi, na usafiri wa jiji zima ukahamia mikononi mwa watu waliokuwa wakiwindwa na polisi wiki iliyotangulia.

Miaka ya 1990 ndiyo ilipindua kabisa. Soko likafunguliwa, viwanda vya nguo vya Kenya vikaanguka mmoja baada ya mwingine, watumishi wa serikali wakapunguzwa kazi, na Gikomba ikajaa mitumba. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, wakimbizi walifika Eastleigh, na pale Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni, wakaanza kuuza bidhaa vyumbani. Kitanda kikawa kaunta. Ile lodge ikageuka jumba la maduka, na majirani wakaiga. Leo wafanyabiashara wanatoka nchi jirani kuja kununua Eastleigh kwa jumla. Hakuna mpango wa serikali uliotengeneza Eastleigh.

Halafu Machi 2007, M-Pesa. Tunapenda kuisimulia kama hadithi ya teknolojia, na ni kweli teknolojia iko. Lakini tangazo lake la kwanza lilisema nini? Tuma pesa nyumbani. Kwa nini pesa zilihitaji kutumwa nyumbani? Kwa sababu kwa zaidi ya miaka mia moja jiji lilikuwa limegawa familia mara mbili, mshahara huku na watoto kule. Kabla ya simu, pesa zilienda kwa bahasha mkononi mwa dereva wa basi, na ukiomba Mungu. M-Pesa ilikuta barabara imeshachimbwa na reli, na kipande, na kile kitanda cha mtu mmoja.

Leo Nairobi inazalisha zaidi ya robo ya uchumi wa Kenya. Benki, nyumba, usafiri, biashara na mitandao ndizo zinaongoza, huku viwanda vikishuka chini ya asilimia 10 ya uchumi wa nchi nzima. Ardhi imekuwa ghali, kwa hivyo viwanda vingi vipya vinaenda Athi River, Ruiru, Thika. Na kati ya Wakenya wanaofanya kazi nje ya mashamba madogo, zaidi ya asilimia 80 wako jua kali.

Kazi mpya nazo? Mwaka wa 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu kabisa ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Kompyuta badala ya koleo, lakini hesabu ya mshahara naitambua.

Na Mukuru bado iko ubavuni mwa Industrial Area. Asubuhi kabla jua halijatoka utaona watu wakitembea kwa miguu kwenda kusimama geti, wakitumaini kuitwa kibarua cha siku. Novemba 2021 nyumba za maelfu ya watu hapo Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Viwanda viliendelea kuwataka kesho yake asubuhi.

Kama uko na guka, kuka au babu aliyefanya kazi reli, kiwandani au kwa mzungu huku Nairobi, muulize maswali mawili: mshahara wake wa kwanza ulikuwa pesa ngapi, na alikuwa akilala wapi, na nani. Niandikie hapo chini. Nakusanya.