Obama wa Moneygall

Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka wa 2008, Serikali ya Kenya ilitangaza siku ya mapumziko. Mtoto alikuwa wetu, hakuna mjadala. Kumbe kulikuwa na kijiji kingine kilichokuwa kikimdai: Moneygall, katika kaunti ya Offaly nchini Ayalandi, chenye watu wapatao 300. Nao walisema damu ni yao.

Mimi stori hii hainivutii kwa siasa. Nataka kujua kila upande ulijuaje.

Upande wa baba, karatasi hazikuhitajika sana. Katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, Obama anaeleza jinsi Mama Sarah alivyomsimulia ukoo wake kule Kogelo, jina baada ya jina, kwa Kijaluo, dada yake Auma akimtafsiria.

Upande wa mama, hakukuwa na mzee wa kuulizwa. Ilibidi watafiti wapande ngazi kwa nyaraka, kizazi kimoja kimoja, hadi cha tano. Huko juu wakamkuta Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu. Alifika New York mwaka wa 1850 akiwa kijana wa miaka 19, kisha akaelekea Ohio. Hakuwa peke yake. Ile njaa kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu kama milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo.

Ugumu ni kwamba karatasi nyingi za Marekani zinasema tu mhamiaji alizaliwa "Ayalandi". Ayalandi wapi? Bila jina la parokia, umekwama.

Na usidhani kwamba wazungu wote wana mababu waliohifadhiwa vizuri kwenye makabati. Mwezi Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jumba la nyaraka za taifa pale Four Courts lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliisha. Zile za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe. Rejista nyingi za Kanisa la Ayalandi, lile la Kiprotestanti, zilikuwa zimepelekwa Dublin zikahifadhiwe. Nazo zikaungua humo humo.

Zilizopona ni zile ambazo hazikupelekwa. Ndiyo maana kasisi wa Templeharry, karibu na Moneygall, alipoombwa atazame vitabu vya zamani vya parokia yake, aliwapata akina Kearney humo. Tarehe 23 Mei 2011, Obama alifika kijijini na kunywa Guinness baani.

Mama Sarah alifariki Machi 2021. Bahati ni kwamba mjukuu alishamuuliza na kuyaandika aliyoambiwa. Wengi wetu hapa mjini bado tunasema "tutaenda ushago Disemba, tutauliza". Si lazima ungoje Disemba, simu unayo. Uliza majina, na usiishie kwa kaunti. Uliza kijiji, mto, kanisa au msikiti, na waliotoka wapi kabla ya hapo. Halafu yaandike mahali pawili.