Taa Tatu za Kibodi na Aliyezimiliki

Kibodi iliyouzwa pamoja na kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 83 na haikuwa na taa hata moja, kwa kuwa habari zilikwenda upande mmoja tu: kibodi ilipeleka namba ya kitufe kilichobonyezwa, nayo kompyuta ndiyo iliyokumbuka kama herufi kubwa zimefungwa au la. Baadhi ya watengenezaji wengine waliuza kibodi zenye taa zilizojiwasha zenyewe kila kitufe kilipobonyezwa, lakini programu ilipobadilisha hali hiyo kimyakimya, taa haikuwa na habari, na mtumiaji aliyeiamini aliandika asichokikusudia.

Modeli ya AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyoleta taa tatu, yaani za Caps Lock, Num Lock na Scroll Lock. Jipya hapo halikuwa taa, maana Nick Holonyak alikwisha kuonyesha diodi itoayo mwanga mwekundu mwaka 1962. Jipya lilikuwa kwamba kibodi sasa iliweza kusikia, kwa sababu chipu ya Intel 8042 iliyokuwa ndani ya kompyuta iliirudishia amri kwa njia ileile iliyopokelea vitufe. Tangu hapo taa ikawa mali ya kompyuta, si ya kitufe.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mapema miaka ya 1970, iliifaa kazi hii ya kuziamuru taa kwa sababu humruhusu mwandishi wa programu kugusa biti mojamoja, biti ikiwa ni tarakimu ya 0 au 1. Mwandishi huyo alisoma kwanza lango 0x64, mojawapo ya malango ya kuwasiliana na chipu ya 8042 (alama 0x huonyesha hesabu ya msingi wa kumi na sita), akasubiri hadi biti yenye thamani ya 2 izimike, ndipo akapeleka 0xED kwenye lango 0x60. Kibodi ikajibu 0xFA, maana yake imepokea, kisha ikangoja baiti ya pili, ambamo 1 ni Scroll Lock, 2 ni Num Lock na 4 ni Caps Lock, hivyo 6 iliwasha mbili za mwisho kwa pamoja. Hata hivyo kuwasha taa hakukufunga herufi kubwa, kwani hali yenyewe ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu, katika anwani 0x417, na aliyegusa taa peke yake alikuwa amegusa kivuli cha jambo.

Mifumo endeshi iliyofuata iliyafunga malango hayo kwa programu za kawaida. Katika Linux, amri ya KDSETLED, inayopitishwa kwa ioctl, yaani mwito wa kukiagiza kifaa, iliurithi mpangilio wa AT wa 1, 2 na 4, na ikaongeza busara moja: thamani inayozidi 7 huzirudisha taa kwenye kazi yake ya kuonyesha hali halisi. Kibodi za USB zilikuja na mpangilio mwingine, Num Lock ikiwa 1, Caps Lock 2 na Scroll Lock 4, tofauti ndogo ambayo mtu hahitaji kuijua mpaka siku taa isiyo yake itakapowaka. Scroll Lock yenyewe karibu imekosa kazi, lakini kiini cha Linux kinapoanguka kimekuwa kikiitumia pamoja na Caps Lock kumetameta, ishara kwamba skrini haitasema tena kitu.

Mwaka 2002 watafiti Joe Loughry na David Umphress walionyesha kwamba programu iliyofichwa inaweza kuziwasha na kuzizima taa hizi kwa mpangilio maalumu, na kihisi cha mwanga kilichowekwa mbali kikasoma humo data za kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote.