Jezi ya Nchi Isiyokuwapo

Mchezaji mwenye uraia wa nchi mbili anapochagua timu ya taifa, mashabiki humuuliza anaipenda nchi ipi. Rachid Mekhloufi alilazimika kuchagua wakati mojawapo ya nchi hizo ilikuwa bado haijapata uhuru.

Alizaliwa Sétif, Algeria, mwaka 1936, chini ya utawala wa Ufaransa. Tarehe 8 Mei 1945, Ulaya ikisherehekea kushindwa kwa Ujerumani, maandamano ya Waalgeria mjini humo yalizimwa kwa risasi, na maelfu waliuawa katika wiki zilizofuata. Mekhloufi alikuwa na miaka minane.

Mwaka 1954, mwaka ambao vita vya ukombozi vilianza, alijiunga na Saint-Étienne. Alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1957, na hadi mwaka huo unaisha alikuwa ameichezea Ufaransa mara nne.

Aprili 1958, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia, yeye na wenzake kadhaa walitoroka kwa siri hadi Tunis kuunda timu ya FLN, chama kilichoongoza vita hivyo. Mekhloufi alikuwa bado anatumikia jeshi la Ufaransa, kwa hiyo alihesabiwa mtoro. FIFA ilikataa kuitambua timu hiyo. Kwa miaka minne walicheza Ulaya Mashariki, nchi za Kiarabu, China na Vietnam, wakipandisha bendera ya Algeria mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, alirudi Saint-Étienne, na mashabiki wakampokea. Katika fainali ya Kombe la Ufaransa ya 1968 alifunga mabao yote mawili dhidi ya Bordeaux, na Rais de Gaulle mwenyewe akawakabidhi kombe. Lakini timu yake ya taifa sasa ilikuwa Algeria. Mwaka 1982 alikuwa mmoja wa makocha wake ilipoifunga Ujerumani Magharibi 2–1 kwenye Kombe la Dunia.

Mwaka 2009, kwa hoja ya Algeria, FIFA iliondoa ukomo wa miaka 21 kwa wanaotaka kubadili timu ya taifa. Leo vijana wengi waliozaliwa Ufaransa huichezea Algeria kwa kujaza fomu. Wakilaumiwa kwamba uzalendo wao una mashaka, tukumbuke kuwa mgawanyiko huo hawakuuanzisha wao. Mekhloufi, aliyefariki Novemba 2024, aliukuta tayari alipozaliwa.