Mpini, Makali na Mwenye Kiungo

Katika Kiswahili, tunapotaka kueleza nani mwenye nguvu na nani mnyonge, husema mmoja kashika mpini na mwenziwe kashika makali. Historia ya wembe wa kisasa imeupindua msemo huo: mnunuzi ameachiwa mpini, muuzaji amebaki na makali, na bado anayeumia ni mnunuzi. Naiandika historia hiyo kwa sababu mara nyingi husimuliwa kimakosa katika madarasa ya biashara, na kwa sababu funzo lake linagusa moja kwa moja namna tunavyotumia fedha ya umma.

Kwa karne nyingi mwanamume alinyolewa kwa wembe mrefu wa kukunja, ulionolewa kila mara kwa jiwe na mkanda wa ngozi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walipata hataza ya mpini wenye kinga iliyozuia makali yasizame katika ngozi. Usalama ukapatikana, lakini kazi ya kunoa ikabaki palepale.

Aliyeiondoa kazi hiyo ni King Camp Gillette, muuzaji msafiri wa kampuni iliyotengeneza vizibo vya chupa. Mwajiri wake, William Painter, alimshauri abuni kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kukinunua tena. Mwaka 1895 Gillette akapata wazo la kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, kinachobanwa katika mpini wa kudumu. Ajabu ya mtu huyu ni kwamba mwaka mmoja kabla yake alikuwa amechapisha kitabu, The Human Drift, kinachoshutumu ushindani wa kibiashara na kutaka uzalishaji wote uwe chini ya shirika moja linalomilikiwa na watu wote.

Wazo lilikuwa jepesi, chuma kilikuwa kigumu. Mafundi walimwambia kwamba bati jembamba kiasi kile halitashika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia ya kulikausha na kulinoa kwa mashine. Kampuni ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1903, ambao ulikuwa wa kwanza wa mauzo, iliuza mipini 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata, ambao hataza ilitolewa, mipini iliyouzwa ilizidi 90,000.

Hapa ndipo simulizi ya madarasani inapokosea. Tunaambiwa kwamba Gillette aligawa mpini karibu na bure ili avune katika nyembe. Ukweli ni kwamba mpini wake, wa shaba iliyopakwa fedha, uliuzwa dola 5, ambazo hazikuwa fedha ndogo kwa mfanyakazi wa wakati ule. Muda wote ambao hataza ilimlinda, alitoza ghali mpini na nyembe pia. Alipunguza bei ya mpini wa zamani hadi dola 1 mwaka 1921, hataza ilipokaribia kwisha na washindani wakiwa mlangoni. Kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Marekani ilikuwa imeagiza kwa ajili ya askari wake mipini milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30. Vijana wengi walirudi nyumbani na mpini mfukoni na mazoea mkononi.

Baada ya hataza kwisha, vita ilihamia kwenye kiungo, yaani pale wembe unaposhikana na mpini. Henry Gaisman alibuni wembe wenye matundu yaliyouwezesha kuingia katika mipini ya Gillette, huku wembe wa Gillette usiingie katika mpini wake. Mgogoro ukafikia mahakamani, na ukamalizwa mwaka 1930 kwa kuunganisha kampuni hizo mbili.

Hata hivyo, umbo la wembe wa pande mbili lilikwisha kuwa mali ya wote. Ndiyo maana mpini uliotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita bado unapokea wembe unaouzwa leo, uwe umetoka India, Urusi au Japani. Shaba na skrubu vimechangia maisha hayo marefu, lakini kilichochangia zaidi ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuamuru wembe wake usitengenezwe tena.

Mwaka 1971 kampuni ilileta Trac II, wenye makali mawili yaliyofungwa ndani ya kichwa cha kubadilisha. Kiungo kikapata hataza mpya, na mlango ukafungwa upya. Vichwa vya Mach3 ya mwaka 1998 haviingii katika mpini wa Sensor ya mwaka 1990. Vya Fusion ya mwaka 2006 haviingii katika ule wa Mach3. Siku vichwa vyake vitakapoondolewa sokoni, mpini wa namna hiyo, hata ukiwa wa chuma kisichopata kutu, utakuwa kipande cha chuma tu.

Ndugu zangu watumishi wa umma, hili si jambo la kidevu peke yake. Mashine ya maabara inayokubali vitendanishi vya mtengenezaji mmoja tu ni mpini. Printa inayokataa wino wa kampuni nyingine ni mpini. Vifaa hivyo hutufikia kwa bei nafuu, wakati mwingine kama msaada, na tunapiga picha siku ya makabidhiano. Miezi michache baadaye mgonjwa anaambiwa kipimo hakuna, ilhali mashine ni nzima na imefunikwa kitambaa kisafi.

Kwa hiyo, kila zabuni ya kifaa chenye sehemu za kubadilisha ijibu maswali matatu kabla ya sahihi kuwekwa. Sehemu hizo hutengenezwa na wangapi? Gharama yake kwa miaka yote ya matumizi ni kiasi gani? Na mtengenezaji akiacha kuzitengeneza, nani mwingine anayeruhusiwa kisheria kufanya hivyo? Mtumishi anayeangalia bei ya mpini pekee atakuwa amelinda bajeti ya mwaka mmoja, na kuiacha ofisi yake ikidaiwa makali kwa miaka mingi baada ya yeye kustaafu.