Eropleni za Vita Juu ya Kigoma, 1916

Sisi tukaao Simbo, Ujiji na Kigoma twaijua meli Liemba kama watu wamjuavyo mzee wa mji. Lakini ukiuliza ni nani aliyeizamisha wakati wa vita vya 1914–1918, wako watakaokujibu upesi, "Eropleni za Wabelgiji." Jibu hilo lina kweli ndani yake, ila si kweli yote. Yafaa tuzitazame habari hizi kwa taratibu, maana mwalimu afundishaye mambo ya kale kwa kukisia huwapoteza watoto wa watu.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikaja Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915, na jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Baadaye Wadachi wakaitia mzinga mkubwa wa manowari yao Königsberg, iliyoangamia katika Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Waingereza nao walileta ziwani mashua mbili, Mimi na Toutou, wakaiteka Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Lakini Götzen ilikuwa kubwa mno kwa mashua hizo. Ndipo ikaonekana kwamba heri ipigwe kutoka juu.

Waingereza wakawapa Wabelgiji eropleni nne za namna iitwayo Short 827. Umbo lake lilikuwa la miti iliyovikwa kitambaa, lenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na upana wake ulikuwa karibu futi 54. Haikuwa na magurudumu, bali vielea vya kutulia majini. Ilichukua watu wawili, na mabomu yalifungwa chini ya tumbo lake. Injini yake ya Sunbeam ilikuwa na nguvu za farasi 150, na mwendo wake kiasi cha maili 60 kwa saa.

Namna hiyo ilikuwa na ndugu zake. Short 830 ilifanana nayo kwa umbo, lakini injini yake ilikuwa Salmson ya nguvu za farasi 135. Short 184 ilikuwa kubwa zaidi, hata iliweza kuchukua topido. Katika Agosti 1915 moja yao iliipiga meli ya Waturuki kwa topido, jambo lisilopata kufanywa na eropleni kabla ya siku hizo. Nyumba hiyo hiyo ya Short ndiyo iliyounda Stirling, eropleni ya mabomu yenye injini nne, katika vita vya 1939–1945.

Eropleni zile nne zilifika kwa njia ya Kongo: kwa meli hadi mlango wa mto, kisha kwa reli na mashua za mtoni, zamu kwa zamu, hata zikafika ziwani. Masanduku yale yalipakiwa na kupakuliwa kwa mikono ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Kituo chao kilikuwa Tungwe, karibu na Mtoa, ng'ambo ya pili ya ziwa. Maji yetu yako juu ya bahari kiasi cha futi 2,500, na hewa ya joto iliyo nyepesi huipunguzia injini nguvu. Kwa hiyo kuruka na mzigo wa mabomu hakukuwa jambo rahisi.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na Collignon walivuka ziwa, wakatupa mabomu juu ya Götzen katika bandari ya Kigoma. Wabelgiji waliamini kwamba wameipata. Lakini meli haikuzama. Tena mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa ukatumike vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Behaeghe mwenyewe alikufa huko Kongo Desemba mwaka ule ule.

Basi ni nani aliyeizamisha? Ni Wadachi wenyewe. Majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yakishuka kutoka Urundi, wao wakaipaka mitambo yake mafuta mazito, wakaizamisha kwa uangalifu kusini ya Kigoma tarehe 26 Julai 1916. Siku mbili baadaye mji ukatwaliwa. Mafuta yale yaliihifadhi mitambo: mwaka wa 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Tusidharau eropleni zile, kwa maana hofu nayo ni silaha. Watu wa Kigoma na Ujiji hawakuulizwa shauri katika vita ile, lakini bomu halimwulizi mtu kabila lake. Tuwafundishe watoto wetu mambo yote mawili: ni mkono gani ulioizamisha meli, na ni vichwa vya nani vilivyokuwa chini ya mabomu.