Sauti Iliyofichwa: Upokezi wa Matangazo ya Kesi ya Hague katika Nchi ya Chai, 2011–2016

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki wamezoea kuichunguza hadhira ya ngano, ya tamthilia na ya riwaya. Hadhira ya mahakama haijazungumziwa kwa kiwango hicho. Hata hivyo, kesi inayotangazwa kwa runinga ina wahusika na mandhari, ina msuko, na ina mgogoro unaomsubirisha mtazamaji hadi siku ya uamuzi. Aidha, ina usimulizi, kwa kuwa kila upande humwomba hakimu aamini hadithi moja na kuikataa nyingine.

Makala haya yanachunguza upokezi wa matangazo ya kesi iliyowakabili William Ruto, Henry Kosgey na Joshua arap Sang katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague, kwa kuzingatia hadhira ya Kericho na Bomet. Mashtaka yalikuwa ya uhalifu dhidi ya binadamu, yakihusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia hizo. Dhana mbili za nadharia ya upokezi zitatumika: upeo wa matarajio, kama ulivyoelezwa na Hans Robert Jauss, na pengo la matini, kama lilivyoelezwa na Wolfgang Iser. Hoja kuu ni kwamba matangazo hayo yaliacha mapengo ambayo hadhira ya nchi ya chai iliyajaza kwa kumbukumbu zake yenyewe. Kumbukumbu hizo hazikuwa za aina moja, wala wenye kumbukumbu hawakupata mwisho mmoja wa hadithi.

2.0 Matangazo kama matini

Washtakiwa watatu walifika mbele ya mahakama kwa mara ya kwanza tarehe 7 Aprili 2011. Vikao vya kuthibitisha mashtaka vilifanyika kuanzia tarehe 1 hadi 8 Septemba mwaka huo, na vituo vya runinga vya Kenya vilivionyesha. Tarehe 23 Januari 2012, majaji walithibitisha mashtaka dhidi ya Ruto na Sang, wakayakataa yale ya Kosgey. Kesi yenyewe ilianza tarehe 10 Septemba 2013, wakati Ruto alikuwa tayari Naibu wa Rais.

Yafaa kukumbuka kwamba picha kutoka Hague hazikumfikia mtazamaji papo hapo. Mahakama ilizichelewesha kwa dakika 30 ili jambo lolote la siri lililoponyoka liondolewe. Kwa hiyo, kile kilichoitwa matangazo ya moja kwa moja kilikuwa matini iliyokwisha kuhaririwa. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika uchoraji wa wahusika. Mshtakiwa alionekana uso, mavazi na tabasamu. Shahidi aliyelindwa alikuwa nambari. Uso wake ulifichwa, sauti yake iligeuzwa kwa mitambo, na kila alipokaribia jambo ambalo lingemtambulisha, mahakama iliingia katika kikao cha faragha.

Hali ya Sang inaidhihirisha tofauti hiyo. Yeye alikuwa mtangazaji wa Kass FM, stesheni inayotangaza kwa Kikalenjin, na kipindi chake cha asubuhi kiliitwa Lene Emet. Kwa msikilizaji wa Kericho au Bomet, Sang alikuwa sauti iliyoingia nyumbani kabla ya kazi ya siku kuanza. Sasa sauti hiyo iliyozoeleka ilipewa uso katika kizimba. Shahidi, kwa upande mwingine, huenda alikuwa jirani wa mtu fulani, lakini alinyang'anywa uso na sauti pamoja. Katika sanaa ya usimulizi wa jadi, fanani huaminiwa kwa sababu hadhira inamwona, inamjua ukoo na inaweza kumkatiza. Shahidi wa Hague hakuwa na nyenzo hata moja kati ya hizo.

Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Shahidi wa kwanza alipoanza kutoa ushahidi tarehe 17 Septemba 2013 kuhusu kuchomwa kwa kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, watu walianza kutaja hadharani jina walilodhani kuwa lake, na Jaji Chile Eboe-Osuji akalazimika kuwaonya. Kitendo cha kumtaja kilikuwa upokezi wa namna ya hatari: hadhira ilikataa pengo lililoachwa na matini ikalijaza kwa nguvu. Hivyo, hatua iliyokusudiwa kumlinda shahidi ilimpunguzia pia uwezo wa kuaminiwa, na kuondolewa kwake kungemweka hatarini. Mahakama haikuwa na njia ya tatu.

3.0 Kumbukumbu ya uhamisho

Hadhira haiji mbele ya matini ikiwa tupu. Katika nchi ya Wakipsigis, sheria iliyotoka mbali ilikuwa na historia ndefu kabla ya mwaka 2011. Mwaka 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Kwa sheria ya mwaka 1934, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Ardhi nayo ilikwisha kuchukuliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaanza kupanda mashamba makubwa juu yake.

Kesi ya Hague iliandikishwa kwa jina la William Samoei Ruto. Jina hilo, pamoja na safari ya ng'ambo na majaji wa kigeni, yaliingia kwa urahisi katika upeo wa matarajio uliokwisha kuwapo. Wanasiasa waliutumia upeo huo. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, magavana wa kwanza wa Kericho na Bomet, Paul Chepkwony na Isaac Rutto, walichaguliwa kwa tikiti ya URP, chama cha Ruto. Tarehe 7 Machi 2016, katika uchaguzi mdogo wa useneta wa Kericho, Aaron Cheruiyot wa Jubilee alimshinda Paul Sang wa KANU, na kesi ilikuwa miongoni mwa mada za kampeni.

Hata hivyo, usomaji huu una kinzani ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Mahakama ya Hague haikuletwa na mkoloni. Tarehe 12 Februari 2009, Bunge la Kenya lilishindwa kupitisha mswada wa kuunda mahakama maalumu nchini, na wabunge kadhaa walitamka wazi kwamba waliipendelea Hague. Katika masimulizi ya kampeni, hatua hiyo ya hadithi ilirukwa. Mshtakiwa alisimuliwa kama mtu aliyechukuliwa, ilhali njia ya kwenda kule ilikuwa imefunguliwa nyumbani.

4.0 Ukurasa usiokuwamo

Kuna pengo jingine ambalo ni la msingi zaidi. Mashtaka yaliyothibitishwa yalihusu Turbo, eneo la Eldoret, Kapsabet na Nandi Hills. Kericho na Bomet hazikuwamo. Watazamaji wa nchi ya chai walitazama kesi ya ghasia ambayo ghasia za kwao hazikusimuliwa ndani yake.

Lakini ghasia hizo zilikuwapo. Mashamba ya chai yalivuta wafanyakazi kutoka Gusii, Nyanza na kwingineko kwa vizazi kadhaa, na baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, wengi wao walishambuliwa katika vijiji vya wafanyakazi. Mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipopigwa risasi na polisi Eldoret tarehe 31 Januari 2008, Kericho iliwaka upya. Mkipsigis aliyemlilia Too na mchuma majani chai aliyekimbia nyumba yake walikuwa na msiba uliozaliwa na msimu mmoja. Hakuna kati yao aliyeukuta msiba wake katika mashtaka ya Hague.

Baadhi ya wafanyakazi walitafuta jukwaa jingine. Watu 218, waliokuwa wafanyakazi na wakazi wa shamba la Unilever huko Kericho, walifungua madai mjini London wakisema kwamba kampuni haikuwalinda. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kuyasikiliza madai hayo, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Julai 2018. Humo nao walifichwa majina: kesi inajulikana kwa herufi AAA. Baada ya nambari za Hague, herufi za London. Tofauti ni kwamba kesi ya pili haikuwa na matangazo, na kwa hiyo haikupata hadhira ya kuijadili.

Mfano wa Afrika Kusini unatoa mwanga. Kuanzia 1996 hadi 1998, kipindi cha Max du Preez katika SABC kilionyesha kila wiki kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Mle aliyeumizwa alionekana uso na kusikika kwa sauti yake, na mtazamaji hakuwa na nafasi ya kumfanya kivuli.

5.0 Hitimisho

Tarehe 5 Aprili 2016, majaji wawili kati ya watatu waliikatiza kesi. Mashtaka yalifutwa bila hukumu ya kutokuwa na hatia, na mlango wa kushtaki upya uliachwa wazi. Jaji Eboe-Osuji alitaja kuingiliwa kwa mashahidi na shinikizo la kisiasa, Jaji Robert Fremr alitaja udhaifu wa ushahidi, naye Jaji Olga Herrera Carbuccia akapinga uamuzi wenyewe. Kisheria, hadithi haikufika mwisho. Hadhira iliyosoma kwa upeo wa uhamisho iliupokea uamuzi huo kama kurejea kwa shujaa, na siku 11 baadaye mkutano mkubwa wa shukrani ulifanyika Nakuru.

Kuna hadhira nyingine ambayo haikuwa na sababu ya kushangilia wala ya kuomboleza, kwa kuwa yaliyowapata hayakuwahi kusomwa mahakamani. Uhakiki unaohesabu kura na mikutano pekee utaikosa hadhira hiyo. Historia ya upokezi katika nchi ya chai haina budi kuanza na masimulizi ya wale waliotazama miaka mitano bila kusikia kijiji chao kikitajwa, na kuyaandika ingali wapo wanaoyakumbuka.