Manowari Mbili, Bahari Moja: Vita vya 1914 Mbele ya Mji Mkongwe

Alfajiri ya Jumapili, Septemba 20, 1914, mizinga ililia mbele ya Mji Mkongwe. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilifika mlangoni mwa bandari na kuikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Pegasus ilijibu, lakini mizinga yake haikufika mbali; makombora yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Haikupita nusu saa ikawa hoi, na siku hiyohiyo ikazama. Mabaharia wake wapatao 38 walipoteza maisha.

Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Ulifikaje Unguja? Mizizi yake ni mkataba wa 1890: Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, Ujerumani nayo ikaridhia Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza. Tangu hapo madola hayo yalitazamana yakitenganishwa na mkondo wa bahari tu, Mwingereza Unguja, Mjerumani Dar es Salaam na Bagamoyo. Waya wa simu uliopita chini ya bahari hadi Aden tangu 1879 uliifanya Unguja kuwa sikio la London katika pwani hii. Vita vilipotangazwa, Waingereza hawakungoja: Agosti 8, manowari yao Astraea iliushambulia mji wa Dar es Salaam, shabaha ikiwa mnara wa simu ya upepo.

Baada ya ushindi wake, Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira huko kwa miezi, ndege zikiipeleleza kutoka Mafia, hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kuipeleka bara kwa jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa, ikatumika nchi kavu.

Hapo ndipo gharama ya vita ilipohamia kwa wenyeji. Mizinga na shehena zilivutwa na kubebwa na Waafrika, na Unguja pia ilitoa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika kampeni hiyo, wengi kwa maradhi na njaa.

Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa cha makaburi kilicho karibu na Mji Mkongwe. Mzinga mmoja wa Königsberg unaonekana Mombasa, mwingine Pretoria. Wapagazi wengi walifukiwa njiani bila hata majina yao kuandikwa. Historia ya vita hivi inayofundishwa watoto wetu ianze nao.